Mazoezi na Mazoea: Mchakamchaka katika Historia Yetu

Katika lugha yetu ya Kiswahili neno "mazoezi" limezaliwa na kitenzi "kuzoea". Mtu huzoea jambo, kisha humzoeza mwenzake, na kile anachomzoeza huitwa zoezi. Kwa hiyo lugha yenyewe yatufundisha kwamba anayekimbia siku moja na kupumzika mwezi mzima hajafanya mazoezi, amekimbia tu. Mazoezi ni jambo lililorudiwa mpaka mwili ukalikubali na moyo ukaacha kubishana nalo.

Katika makala haya twapenda kuchunguza jinsi watu wetu walivyoufanya mwendo wa mwili kuwa jambo la kila siku, tangu enzi za jembe na ngoma hadi mchakamchaka wa shuleni na kambini. Twapenda pia kuuliza swali ambalo kila mwalimu amekutana nalo: kwa nini kijana aliyekimbia kila alfajiri kwa miaka mingi huacha kabisa mara anapomaliza masomo?

Kazi, ngoma na mwili

Zamani hapakuwa na haja ya mtu kuamka na kutangaza kwamba anakwenda kufanya mazoezi. Mwili ulipata mazoezi yake shambani, machungani, baharini na kisimani. Wanawake wawili au watatu walisimama kwenye kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake, wakapokezana mapigo. Wimbo wao haukuwa pambo. Ndio uliopanga zamu za michi ili isigongane, na ndio uliowawezesha kuendelea mikono ilipoanza kuchoka.

Usukumani, wachezaji wa bugobogobo huingia uwanjani na majembe mikononi, na mchezo wao huiga kazi ya kulima. Huko huko vyama vya Bagika na Bagalu vilishindana kwa ngoma baada ya mavuno, na hapana mtu awezaye kucheza mashindano ya namna ile bila kujiandaa. Vijana wa Kimaasai huruka juu wima, mmoja baada ya mwingine, mbele ya macho ya wenzao wa rika. Wazaramo nao wana mdundiko, ngoma inayotembea mtaa hadi mtaa ikiwavuta watu nyuma yake.

Tukichunguza mifano hii twaona mambo matatu yakijirudia. Kwanza, kulikuwa na wakati maalumu: alfajiri ya kulima, jioni ya kutwanga, msimu wa baada ya mavuno. Pili, kulikuwa na wenzi, kwa maana mtu hakuachiwa apambane na uvivu wake peke yake. Tatu, kulikuwa na wimbo. Mambo haya matatu ndiyo yaliyoibeba desturi, wala haikutegemea kila mtu awe na moyo wa chuma.

Hata hivyo, haifai kuyapamba mambo ya kale kupita kiasi. Si kila jasho ni mazoezi. Wapagazi waliobeba pembe na bidhaa kati ya Unyanyembe na pwani walikuwa na wakati wa kuondoka, walikuwa na wenzi na kirangozi wa kuwaongoza, na waliimba njiani. Lakini wengi walirudi wamedhoofika, na wengine hawakurudi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, vya 1914 hadi 1918, wakoloni waliwakusanya wananchi kwa nguvu wawabebee mizigo ya majeshi, na maelfu walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam ni ukumbusho wa kikosi cha wachukuzi wa Kiingereza. Mwili unaotumikishwa bila hiari wala chakula hauimariki. Tofauti hii tuikumbuke, kwa sababu itatufaa tutakapofika shuleni.

Kwata ya wakoloni na ngoma ya Beni

Pamoja na majeshi ya kigeni yalituingia mambo ya kwata na gwaride. Askari wa Kiafrika katika jeshi la Wajerumani, na baadaye katika jeshi la Kiingereza la King's African Rifles lililoundwa 1902, walizoezwa kusimama mstari mmoja, kugeuka kwa amri na kupiga hatua pamoja. Shule za wakoloni ziliiga mtindo huo. Shabaha yake kubwa haikuwa afya ya Mwafrika. Ilikuwa ni kumfanya asikie amri na kuitii kabla hajapata nafasi ya kufikiri.

Lakini watu wetu hawakuipokea kwata kama mtu apokeavyo mzigo kichwani. Tangu miaka ya 1890, katika miji ya pwani kama Lamu na Mombasa, ilizuka ngoma ya Beni. Wachezaji walivaa mavazi yaliyoiga sare za kijeshi, wakapiga matarumbeta na ngoma kubwa, wakajipa vyeo vya majenerali na wafalme, na wakatembea mitaani kwa hatua za gwaride. Ngoma hii ikaenea Tanganyika, ambako vyama vya Marini na Arinoti vilishindana kwa miongo kadhaa. Mwanahistoria Terence Ranger aliisimulia habari hiyo katika kitabu chake alichokitoa 1975, na alionyesha kwamba Beni haikuwa uigaji mtupu. Palikuwa na dhihaka ndani yake, palikuwa na ushindani wa mitaa, na palikuwa na umoja wa watu waliosaidiana katika misiba na shida.

Jambo la kuangaliwa hapa ni hili. Kwata ya askari ilidumu maadamu sajini amesimama na fimbo. Beni ilidumu bila fimbo, kwa sababu wenyewe waliipenda, waliishonea nguo na kuitungia nyimbo. Hatua zilikuwa zile zile za mguu wa kushoto na wa kulia, lakini aliyezimiliki alikuwa mwingine.

Mchakamchaka wa taifa huru

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka mmoja baadaye ikawa Jamhuri. Katika hotuba yake ya Desemba 1962 Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na akasikitika kwamba wasomi walikuwa wamefundishwa nyimbo na dansi za Wazungu huku za wazazi wao zikipuuzwa. Tarehe 10 Julai 1963 likaanzishwa Jeshi la Kujenga Taifa. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, likaundwa kwa sheria Baraza la Michezo la Taifa. Mwezi Oktoba mwaka huo huo Mwalimu alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 200, kwenda kwenye Mkutano Mkuu wa TANU, akiwaunga mkono vijana waliokuwa wakitembea masafa marefu kulitetea Azimio.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba kila mtu aliipokea kambi kwa shangwe. Sheria ilipowalazimisha wahitimu wa elimu ya juu kujiunga na JKT, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana Oktoba 1966 kupinga masharti yake, hasa kukatwa sehemu kubwa ya mshahara, na karibu 400 kati yao walifukuzwa masomoni. Ugomvi ule uliacha maumivu. Lakini katika miaka iliyofuata maelfu ya wasomi, wavulana kwa wasichana, walikimbia alfajiri bega kwa bega na vijana waliotoka vijijini, na mkufunzi hakuuliza nani ana shahada.

Kambini na shuleni ikashamiri desturi ya mchakamchaka. Neno lenyewe laiga mlio wa nyayo nyingi zinazokanyaga pamoja. Kabla jua halijapanda, kengele hulia. Wanafunzi hujipanga mistari miwili au mitatu, mwalimu wa zamu na viranja wakiwa kando. Mwimbishaji huanza, wengine huitikia, na mguu wa kushoto huangukia pigo la wimbo. Mstari hutoka katika uwanja wa shule, hufuata barabara ya vumbi mpaka mahali palipozoeleka, kisha hurudi. Ndipo hufuata kufagia, kuchota maji, ukaguzi wa kucha na nguo, na hatimaye masomo.

Katika utaratibu huu twaona mambo yote matatu ya kale yamerudi: wakati, wenzi na wimbo. Twaona pia hekima ambayo haikuandikwa katika kitabu chochote cha mazoezi. Anayeweza kuitikia wimbo bado ana pumzi; waitikiaji wanapopungua, kiongozi hujua kwamba mwendo umezidi, naye hupunguza. Hivyo wimbo ulikuwa kipimo cha mwendo kwa shule ambazo hazikuwa na saa ya michezo wala mwalimu aliyesomea mazoezi ya viungo.

Wimbo ulibeba na historia pia. Wakati wa vita vya Kagera, vya 1978 na 1979, nyimbo za mchakamchaka zilimtaja nduli Idi Amin kwa kejeli na hasira. Watoto waliozaliwa baada ya vita kwisha walizirithi nyimbo hizo, wakazikimbilia kila alfajiri, na wengi walilisikia jina la mto Kagera kwa mara ya kwanza barabarani kabla ya kulisoma darasani. Kama ilivyokuwa kwa Beni, kwata ya kigeni ilikuwa imepewa sauti yetu.

Mashujaa na watazamaji

Miaka hiyo hiyo ilituletea mashujaa. Tarehe 20 Oktoba 1968, mjini Mexico City, John Stephen Akhwari aliumia goti katika mbio za marathoni. Alimaliza wa mwisho kati ya wakimbiaji 57 waliofika, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, lakini alifika. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, Filbert Bayi, askari wa JWTZ, aliongoza mbio za mita 1500 tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Mwaka 1980, katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow, Bayi alipata medali ya fedha katika mbio za kuruka viunzi na maji za mita 3000, na Suleiman Nyambui akapata ya fedha katika mita 5000. Juma Ikangaa alishinda marathoni ya New York mwaka 1989.

Twajivunia watu hawa, na ni haki yetu. Lakini fahari ina hatari yake. Taifa laweza kuwa na bingwa wa dunia na huku wananchi wake wameketi. Klabu zetu kubwa za kandanda, Yanga iliyoanzishwa 1935 na Simba iliyoanzishwa 1936, zina mashabiki wasiohesabika, lakini uwanjani huingia wachezaji 11 kwa 11, na wengine wote hukaa. Kutazama kwaburudisha moyo, wala hatukulaani. Ila hakumpi mtazamaji mapafu ya mchezaji. Kwa afya ya taifa, ule mstari wa wanafunzi 300 wasiojulikana na mtu, wakikimbia polepole katika vumbi, una thamani isiyopungua ile ya medali.

Sayansi ilithibitisha jambo hili kwa njia ya ajabu kidogo. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya watumishi wa mabasi ya ghorofa mbili ya London. Waligundua kwamba madereva, waliokaa kitini kutwa nzima, walipatwa na maradhi ya moyo kuliko makondakta, waliopanda na kushuka ngazi wakikata tikiti. Kondakta hakuwa mwanariadha. Alipanda ngazi tu, leo, kesho na kesho kutwa. Wazee wetu wasingeshangaa, maana walikwisha kusema kwamba haba na haba hujaza kibaba.

Kengele inaponyamaza

Sasa tulirudie swali letu. Kijana amekimbia mchakamchaka tangu shule ya msingi. Amemaliza sekondari, pengine amepitia JKT. Anapata kazi mjini, anapanda gari asubuhi, anaketi ofisini au dukani, anarudi usiku. Baada ya miaka michache ngazi za ghorofa moja zinamtoa jasho. Je, mazoea yale ya miaka yote yalikwenda wapi?

Jibu letu ni kwamba mazoea hayakuwa yake; yalikuwa ya kengele. Mwaka 2010 Phillippa Lally na wenzake wa London walichapisha uchunguzi wa watu 96 waliojaribu kujijengea desturi mpya, kila mmoja akiifungamanisha na jambo fulani la kila siku, mathalani kifungua kinywa. Kwa wastani zilipita siku 66 kabla desturi haijawa kama inajiendea yenyewe. Kwa wengine siku 18 zilitosha, na kwa wengine yakisiwa zingehitajika 254. Kukosa siku moja hakukuvunja desturi. Tuyatazame haya kwa macho ya mwalimu. Muhula mmoja wa shule una siku za kutosha kumzoeza mwanafunzi wa kawaida. Lakini kile anachozoea ni kukimbia kengele inapolia na kiranja anapopita na orodha. Siku kengele inaponyamaza, mguu haupati ishara yake.

Kuna sababu ya pili, nayo ni chungu zaidi kuitaja. Katika shule nyingi kukimbia kumekuwa pia adhabu. Aliyechelewa azunguke uwanja mara tano. Aliyepiga kelele aruke kichura. Mwanafunzi wa namna hiyo hujifunza kwamba kuchosha mwili ni malipo ya kosa, na siku anapokuwa huru huona kuketi ndiyo thawabu. Hapo tumeirudia kwata ya sajini, na tumeipoteza Beni.

Sababu ya tatu yawahusu hasa wasichana. Shuleni na kambini msichana hukimbia pamoja na wenzake na hapana anayemshangaa. Akiisha kuolewa au kuanza kazi, barabara ile ile humtazama kwa macho mengine, na saa ya alfajiri huwa saa ya moto, maji na watoto. Watu husema hana bidii, kumbe hana wakati wala wenzi.

Gharama ya ukimya huu si ndogo. Kisukari na shinikizo la damu, maradhi ambayo zamani watu waliyahesabu kuwa ya matajiri, sasa yamo katika nyumba za watu wa kila hali. Serikali imeliona hilo. Mwezi Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Makamu wa Rais wakati huo, alizindua kampeni ya mazoezi na kuagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchini. Mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria, yaliyosimamishwa 1994, yalirejeshwa 2013. Mijini vijana na wazee wameanzisha vikundi vya kukimbia alfajiri, wenye sare zao, viongozi wao na nyimbo zao, na baadhi ya nyimbo hizo ni zile zile za shuleni. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, lawataka watu wazima wapate walau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa juma, na watoto na vijana dakika 60 kwa siku. Nusu saa ya alfajiri, siku tano kwa juma, yatosha kuijaza hesabu ya mtu mzima. Siku moja kwa mwezi yaweza kuwakusanya watu na kuwakumbusha, lakini peke yake haiwezi kuwazoeza.

La kufanya

Hatuna budi, basi, kuuhifadhi mchakamchaka pale ulipo na kuufufua pale ulipokufa. Lakini tuufundishe kwa nia ya kwamba mwanafunzi atauchukua aondokapo. Mwalimu aweza kumwachia mwanafunzi wa kidato cha tatu achague njia, atunge wimbo, aongoze mstari. Katika mwaka wa mwisho aweza kumtaka kila mmoja atafute saa yake mwenyewe na jambo la kila siku la kulifungamanisha nalo, kama vile sala ya alfajiri, kuchota maji au safari ya kwenda sokoni, na kuizoea saa hiyo pasipo kengele. Adhabu zitafutiwe mahali pengine, mbali na uwanja wa michezo. Wasichana wasaidiwe kuunda vikundi vitakavyodumu mitaani mwao, kwani wanawake wa nchi hii hawakuanza leo kukutana kwa ngoma, upatu na misiba.

Nawe mwanafunzi, usingoje kuanza kwa kishindo. Anayeanza kwa mbio ndefu huumia misuli juma la kwanza na kuaga juma la pili. Anza na mwendo unaoweza kuuimbia. Ukikosa siku moja kwa ugonjwa au mvua, usiifanye siku hiyo kuwa hoja ya kukosa ya pili. Tafuta mwenzi mmoja atakayekugongea mlango, nawe umgongee wake siku atakayochelewa. Mtu wa kukungoja nje gizani ana nguvu kuliko ahadi kumi ulizojiwekea kitandani.

Wazee wetu walikuwa na kinu na jembe, babu zetu wakawa na Beni, wazazi wetu wakawa na mchakamchaka. Kila kizazi kilipokea hatua kutoka kwingine na kuitia wimbo wake. Kizazi kinachokaa kitini siku nzima nacho kitapaswa kutunga wake, na mahali pa kuuanzia ni pale pale shuleni, alfajiri, wakati mistari inapojipanga.